Vitamini D na kikohozi cha msimu wa baridi: kisa cha mhudumu wa wazee kaskazini mwa Uingereza

Umri wa mhusika, mji anaoishi na baadhi ya mambo ya kifamilia vimebadilishwa ili asitambulike.

Hali ilivyokuwa

Mhusika ni mama wa miaka 46, mzaliwa wa pwani ya Kenya, aliyeishi kaskazini mwa Uingereza kwa miaka minane. Anafanya zamu za usiku katika nyumba ya kulelea wazee: anaingia saa mbili usiku, anatoka saa mbili asubuhi, na mchana analala mapazia yakiwa yamefungwa. Akitoka nje huvaa baibui na mtandio. Samaki hula mara moja kwa wiki, na maziwa ni yale ya kutilia chai tu. Havuti sigara. Ana shinikizo la damu na anameza amlodipini.

Misimu miwili mfululizo ya baridi ilimtesa. Katika msimu wa pili pekee, kati ya Oktoba na Machi, alikwenda kwa daktari wa familia mara tano kwa ajili ya kifua na akaandikiwa antibayotiki mara nne. Kila mara mambo yalianza kwa mafua ya kawaida ya siku tatu nne, kisha kikohozi kikabaki wiki tano au sita. Alikuwa na malalamiko mengine pia, ambayo hakuyataja kwa sababu aliyahesabu kuwa uchovu wa kazi: maumivu ya nyonga na mapaja, mbavu zinazouma zikibonyezwa, na kushindwa kuinuka kitini bila kujisukuma kwa mikono. Ngazi za nyumbani alizipanda kwa kushika ukuta.

Oktoba ya msimu wa tatu ulizunguka ujumbe katika kundi lao la WhatsApp ukisema vitamini D inazuia mafua na homa ya mapafu. Dada yake mkubwa anayeishi Muscat akamtumia karatasi ya kapsuli za yuniti 50,000, aina inayouzwa sana nchi za Ghuba, pamoja na maelezo ya sauti: "Mdogo wangu, meza kimoja kila Ijumaa ukishakula, hayo mafua yatakusahau." Kabla hajaanza, akaenda kwa daktari kuuliza. Hatua hiyo ndiyo iliyookoa mengi, maana damu yake ilipimwa kabla kiwango hakijapandishwa na dawa.

Kwa nini upungufu ulitarajiwa

Sehemu kubwa ya vitamini D mwilini hutengenezwa na ngozi inapopigwa na miale ya UVB, sehemu ya mwanga wa jua isiyoonekana kwa macho. Chakula huchangia kidogo, na Uingereza maziwa ya ng'ombe kwa kawaida hayaongezwi vitamini hiyo kama yanavyoongezwa Marekani, Kanada au Finland. Desemba, jua la adhuhuri Mombasa huwa juu kiasi cha nyuzi 70 kutoka upeo wa macho. Kaskazini mwa Uingereza, kwenye latitudo ya 55, siku hizo hizo halifiki hata nyuzi 12. Miale inapita hewani kwa mshazari mrefu na UVB karibu yote inaishia huko juu. Kuna kipimo rahisi kisichohitaji chombo: kivuli chako kikiwa kirefu kuliko kimo chako, ngozi hutengeneza vitamini D kidogo. Kwa latitudo hizo, kuanzia Oktoba hadi mwishoni mwa Machi ngozi haitengenezi ya kutosha. Kukaa nyuma ya dirisha hakusaidii, kwa sababu kioo huzuia UVB.

Ngozi yenye melanini nyingi huhitaji muda mrefu zaidi juani kupata kiasi kilekile. Nyumbani hilo si tatizo. Watafiti waliopima Wamasai na Wahadzabe nchini Tanzania, watu wanaoshinda nje, walikuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita, kiwango ambacho Wazungu wengi hawakifikii. Tatizo linakuja ngozi hiyo hiyo inapohamia latitudo ya 55, ikafunikwa, kisha ikafanya kazi usiku. Tangu 2016 ushauri rasmi wa Uingereza ni mikrogramu 10 kwa siku, na watu wenye asili ya Afrika au wanaojifunika wanaelekezwa wazitumie mwaka mzima, si msimu wa baridi tu. Mhusika hakuwahi kuambiwa hilo na mtu yeyote, ingawa mlango wa kliniki aliupita mara nyingi.

Majibu ya damu na uamuzi wa kwanza

Kiwango cha 25-haidroksi vitamini D, umbo la vitamini hiyo linalopimwa kwenye damu, kilikuwa nanomoli 17 kwa lita. Chini ya 25 ni upungufu, na kuanzia 50 huhesabiwa kuwa kinatosha. Anayesoma majibu yaliyotolewa kwa nanogramu kwa mililita, kama maabara nyingi za Marekani zinavyofanya, azidishe kwa 2.5. Kalsiamu iliyorekebishwa ilikuwa 2.17, chini kidogo ya mpaka wa 2.20. Alkalini fosfatesi, kimeng'enya kinachopanda mifupa ikiwa na shida, ilikuwa 152 wakati mpaka wa juu ni 130. Homoni ya parathiroidi, inayosimamia kalsiamu ya damu, ilikuwa karibu mara mbili ya mpaka wake wa juu.

Ukizisoma namba hizo pamoja na nyonga zinazouma na mapaja yasiyo na nguvu, hii ni osteomalesia, yaani mifupa inayolainika kwa kukosa madini. Kwa watoto hali ya namna hiyo huitwa matege. Mama huyu alikuja kuuliza habari za mafua, akakutwa na ugonjwa wa mifupa ambao haukuwa umetafutwa.

Daktari aliandika kolekalsiferoli, yaani vitamini D3, yuniti 50,000 mara moja kwa wiki kwa wiki sita. Jumla ni 300,000, ndiyo dozi ya kujaza inayotumika Uingereza pale dalili zinapodai matibabu ya haraka. Baada ya hapo angebaki na yuniti 1,000 kila siku. Alichagua dozi ya kila wiki badala ya sindano moja kubwa kwa sababu ufyonzwaji wa sindano hautabiriki, na kwa sababu dozi kubwa za mkupuo hazijaonyesha faida. Aliagiza kalsiamu ipimwe tena mwezi mmoja baada ya dozi ya kujaza. Mifupa yenye njaa inapoanza kunyonya madini, kalsiamu inaweza kushuka. Na mtu mwenye tezi ya parathiroidi iliyozidi kazi, ambaye ugonjwa wake ulikuwa umefichwa na upungufu, anaweza kujitokeza kwa kalsiamu kupanda.

Kuhusu mafua, daktari alisema dawa ni ya mifupa na misuli, na kama kifua kitafaidika itakuwa nyongeza. Kauli hiyo ilikuwa sahihi, lakini ilisemwa mara moja tu, dakika ya mwisho, mgonjwa akiwa ameshashika mkoba.

Wiki ya kwanza ilikwama kwenye kapsuli

Dawa iliyotolewa ilikuwa ndani ya ganda la jelatini. Mhusika hakuimeza, kwa kuwa hakujua jelatini hiyo ni ya mnyama gani, na hakumwambia mtu. Mfamasia aligundua alipopiga simu ya kawaida ya ufuatiliaji, akabadilisha kuwa vichupa vidogo vya kioevu, dawa ikiwa imeyeyushwa katika mafuta ya zeituni. D3 yenyewe hutengenezwa mara nyingi kutokana na mafuta ya sufu ya kondoo, jambo ambalo halikumtatiza. Alielekezwa anywe pamoja na mlo wenye mafuta, si kwa chai kavu ya asubuhi, kwa kuwa vitamini hii huyeyuka katika mafuta na hufyonzwa vizuri zaidi hivyo.

Swali la jelatini huchukua nusu dakika kuuliza. Kwa mgonjwa Mwislamu, au asiyekula nyama, liulizwe kabla dawa haijatoka dirishani.

Wiki ya tatu: dozi kutoka sehemu tatu

Siku ya 17 tangu aanze vichupa, mhusika alifika duka la dawa kununua dawa ya kikohozi. Mfamasia alimuuliza anatumia nini kingine, "pamoja na vya kununua mwenyewe na vya kutumiwa na ndugu". Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyofungua mambo. Alikuwa anatumia kichupa cha daktari kila Jumatatu, kapsuli ya Muscat kila Ijumaa, na tembe ya supamaketi ya mikrogramu 100 kila siku. Kwake vilikuwa vitu vitatu tofauti: dawa ya mifupa, kinga ya mafua, na vitamini ya kawaida. Paketi ya tembe iliandikwa mikrogramu na nyingine ziliandikwa yuniti, kwa hiyo 100 ilionekana ndogo mno kando ya 50,000.

Mikrogramu 1 ni yuniti 40. Tembe ile ilikuwa yuniti 4,000, ambacho peke yake ni kikomo cha juu cha siku kwa mtu mzima asiye chini ya matibabu. Mfamasia alipiga hesabu mbele yake kwenye karatasi: vichupa vitatu 150,000, kapsuli mbili 100,000, tembe kumi na saba 68,000. Jumla 318,000 ndani ya siku 17, zaidi ya dozi nzima iliyopangwa kwa wiki sita.

Alimuuliza dalili za kalsiamu kuzidi: kiu isiyo ya kawaida, kukojoa sana, choo kigumu, kichefuchefu, kuchanganyikiwa. Hakuwa nazo. Akauliza pia mambo yanayogeuza kosa dogo kuwa hatari: mawe ya figo, ugonjwa wa sakoidosi, vidonge vya kukojoza vya kundi la thiazidi vinavyobakiza kalsiamu mwilini, na digoksini, ambayo moyo huivumilia vibaya kalsiamu ikipanda. Vyote havikuwepo. Amlodipini haina shida hapa.

Uamuzi, baada ya kuzungumza na daktari siku hiyo hiyo: asimamishe vyote, damu ichukuliwe kesho yake, dozi ya kujaza ihesabiwe imekamilika, na yuniti 1,000 za kila siku zianze baada ya wiki nne. Kalsiamu ilirudi 2.38 na figo zilikuwa sawa. Sumu ya vitamini D kwa kawaida huonekana kiwango kikipita nanomoli 375, na mtu aliyeanzia 17 ana nafasi kubwa kabla ya kufika huko. Mume wake, ambaye alikuwa ameshaanza kumeza kapsuli zilezile bila kujua kiwango chake, hakuwa na hakika ya nafasi hiyo. Naye alisimamishwa.

Kikohozi chenyewe

Dawa ya kikohozi ile ilikuwa ya mafua yaliyompata mwanzoni mwa Desemba, siku chache tu kabla, vitamini D ikiwa tayari imejaa mwilini. Kikohozi kikabaki, kama kawaida. Safari hii hakuandikiwa antibayotiki. Muuguzi wa kliniki alikaa naye dakika ishirini na kuuliza kikohozi kinakuja saa ngapi. Jibu lilikuwa saa tisa usiku, akitoka kwenye baridi ya kituo cha basi, na kila anapopiga deki kwa dawa ya klorini. Kuna mluzi kifuani. Utotoni alikuwa na pumu iliyosemekana "imepona".

Alipimwa naitriki oksaidi kwenye pumzi, gesi inayoonyesha uvimbe wa njia za hewa, ikawa 58. Kwa mtu mzima mwenye historia kama hiyo, 50 na zaidi inatosha kuthibitisha pumu kwa mwongozo wa Uingereza wa mwishoni mwa 2024. Alipewa pia kifaa cha kupulizia cha kupima kasi ya pumzi, akaandika namba kila akiamka na kila kabla ya kulala kwa wiki mbili. Siku moja aliandika 290 alipoamka, na 370 kabla ya kulala. Tofauti ya namna hiyo, zaidi ya asilimia 20, si ya mapafu yenye maambukizi ya bakteria. Ni njia za hewa zinazobana na kufunguka.

Alianzishiwa pampu yenye budesonidi, ya kutuliza uvimbe, na fomoteroli, ya kufungua njia za hewa, pamoja, na akafundishwa kuivuta mbele ya muuguzi: toa pumzi yote, funga midomo, vuta kwa nguvu, bana kwa sekunde kumi, kisha sukutua kinywa. Ndani ya wiki tatu alikuwa analala bila kukohoa.

Siku hiyo hiyo alichoma chanjo ya mafua makali, ambayo alikuwa ameikataa miaka yote. Sababu yake ilikuwa habari kwamba chanjo ina jelatini ya nguruwe. Habari hiyo ina chanzo cha kweli: chanjo ya watoto ya kupuliziwa puani ina jelatini hiyo. Sindano wanayochomwa watu wazima haina. Alipoelezwa tofauti, alikunja mkono wa nguo mwenyewe.

Matokeo

Maumivu ya nyonga yalianza kupungua wiki ya nane. Baada ya miezi minne aliinuka kitini bila mikono. Kiwango cha vitamini D wakati huo kilikuwa nanomoli 81, homoni ya parathiroidi imerudi kawaida, na alkalini fosfatesi inashuka ingawa bado 134. Mifupa huchukua miezi kujazwa, na alkalini fosfatesi ndiyo ya mwisho kutulia.

Mafua aliyapata mara tatu msimu huo na mara nne msimu uliofuata, akiwa na kiwango kizuri wakati wote. Hakupewa antibayotiki hata mara moja katika misimu yote miwili, na baada ya kuanza pampu hakuna kikohozi kilichozidi siku kumi na mbili.

Uchambuzi: je, vitamini D ilizuia chochote kifuani?

Mtu anaweza kusema: kabla mara tano kliniki, baada mara tatu mafua, basi imefanya kazi. Hesabu hiyo haisimami. Ziara za kliniki si idadi ya maambukizi, na mtu hutafuta tiba msimu uliokuwa mbaya kupita kiasi, kwa hiyo unaofuata huelekea kuwa afadhali hata bila dawa. Isitoshe, mambo matatu yalibadilika kwa pamoja: vitamini, pampu na chanjo.

Daktari alikuwa na sababu ya kutumaini. Uchambuzi wa pamoja uliochapishwa 2017, wa majaribio 25 yenye watu karibu 11,000, ulionyesha uwiano wa 0.88 kwa maambukizi ya njia ya hewa (1 maana yake hakuna tofauti, chini ya 1 ni nafuu). Nafuu kubwa ilionekana kwa walioanzia chini ya nanomoli 25 na kutumia dozi za kila siku au kila wiki. Mhusika wetu angeingia kundi hilo moja kwa moja. Lakini majaribio yalipoongezeka, picha ilififia. 2021, kwa majaribio 43 na watu zaidi ya 48,000, uwiano ulikuwa 0.92, na nafuu kwa wenye upungufu mkubwa haikuthibitika tena. Iliyobaki ilielemea kwa watoto na vijana wa mwaka 1 hadi 16 wanaopata yuniti 400 hadi 1,000 kila siku. Nyongeza ya 2025, ya majaribio 46 na watu zaidi ya 64,000, ilitoa 0.94, na mpaka wa juu wa makadirio ukagusa 1, yaani huwezi kukataa kwamba hakuna tofauti yoyote. Tuuchukue uwiano huo ulivyo: kama kati ya watu 100 wasiotumia 60 wangeugua angalau mara moja, kwa wanaotumia wangeugua 58 au 59.

Majaribio makubwa ya watu wazima yanasema hivyohivyo. Nchini Uingereza, msimu wa baridi wa 2020 kuamkia 2021, watu wazima 6,200 waligawanywa, na katika kundi lililopimwa waliokutwa na kiwango chini ya 75 walipewa yuniti 800 au 3,200 kwa siku kwa miezi sita. Maambukizi ya njia ya hewa hayakupungua. Norway, zaidi ya watu 34,000 walitumia mafuta ya ini la samaki yenye mikrogramu 10 au mafuta yasiyo na vitamini, matokeo yakawa sawa. New Zealand, watu 322 walipewa dozi kubwa ya kila mwezi kwa mwaka mmoja na nusu: mafua 3.7 kwa mtu dhidi ya 3.8.

Kwa nini basi imani ni kubwa hivi? Kibaiolojia hoja ina mashiko. Seli za kinga zina vipokezi vya vitamini D, na vitamini hiyo huzichochea kutengeneza kathelisidini, protini inayoua vijidudu. Tena tafiti za kutazama tu hukuta wenye kiwango cha chini wakiugua zaidi. Ila kiwango cha chini huwapata zaidi wanene, wagonjwa, maskini na wasiotoka nje, na uvimbe wa ugonjwa wenyewe hukishusha. Namba ndogo kwenye damu mara nyingi ni alama ya hali mbaya, si chanzo chake.

Uchambuzi: maamuzi yaliyobeba na yaliyokwamisha

Kupima damu hapa kulistahili kwa sababu kulikuwa na dalili za mifupa. Mtu mzima mwenye afya asiye na dalili hana haja ya kipimo hicho, na mwongozo wa Marekani wa wataalamu wa homoni wa 2024 unashauri kutokipima ovyo. Mikrogramu 10 hazihitaji ruhusa ya maabara.

Kasoro kubwa kuliko zote ilitangulia vitamini. Antibayotiki mara nne kwa msimu, bila mtu kuuliza kikohozi kinakuja saa ngapi, zilificha pumu kwa misimu miwili. Tena kila kozi ilionekana "kusaidia" kwa sababu kikohozi cha pumu baada ya mafua hutulia chenyewe mwishowe. Vitamini D ingeweza kuificha kwa msimu wa tatu. Mgonjwa ambaye kifua chake hakiponi na anatafuta kinga apewe kwanza maswali ya usiku, mluzi na historia ya utotoni.

Kosa la dozi tatu halikuwa la mgonjwa kutojua kusoma. Daktari aliandika yuniti, supamaketi iliandika mikrogramu, dada alisema "kimoja". Aliyeandika 50,000 alipaswa kuuliza kuhusu vifurushi kutoka Ghuba, maana katika familia za pwani zenye ndugu Oman au Dubai kapsuli hizo ni zawadi ya kawaida. Karatasi moja yenye jina la dawa, siku ya kunywa na neno "usiongeze nyingine yoyote ya D" ingetosha.

Chakula hakikuguswa mapema inavyopaswa. Vitamini D bila kalsiamu haijengi mfupa, na mahitaji ni kiasi cha miligramu 700 kwa siku. Mwezi wa tatu ndipo alipoelekezwa kwenye sadini za kopo zinazoliwa na mifupa yake, dagaa, na glasi ya mtindi. Hilo lilikuwa la siku ya kwanza.

Mpango unaoendelea: yuniti 1,000 kila siku mwaka mzima pamoja na chakula kikuu, pampu kama alivyofundishwa, chanjo kila Oktoba. Alkalini fosfatesi itapimwa tena baada ya miezi sita. Isiposhuka, kutakuwa na haja ya kuchunguza ufyonzwaji wa utumbo, ukiwemo ugonjwa wa siliaki, ambapo utumbo hudhuriwa na gluteni ya ngano, na si kuongeza dozi. Mume na watoto wawili, wa miaka 15 na 11, wanatumia mikrogramu 10 kwa siku bila kupimwa, tembe isiyo na jelatini, na paketi imeandikwa kwa kalamu "yuniti 400".